Njia ya Avis Cattermole

Marehemu mama yetu, Avis Mary Cattermole, alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Monkfield, Suffolk, katika nyumba ileile alimofia. Alikuwa mtoto wa pekee wa Walter na Edith Pryke.

Alisoma shule ya kijijini hadi alipotimiza miaka kumi na mitano, kisha akamfuata babake kazini. Kazi yao ilikuwa kukandika nyumba za kale: udongo, majani makavu na samadi ya ng'ombe katikati ya nguzo za mwaloni, na chokaa juu yake. Akikuta ukuta uliopakwa saruji, alimwambia mwenye nyumba kwa upole kwamba ameiziba pua, haitapumua.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Reuben, mwoka mikate wa Ipswich, akamleta kwao. Ngazi ya nyumba yetu ni nyembamba na imejipinda, jeneza halipiti. Kwa hiyo maseremala wa kale waliacha kipande cha sakafu ya ghorofani kinachoinuliwa, ili wanaofia juu wateremshwe kwa kamba. Babu Walter alipita hapo mwaka 1974. Wiki iliyofuata Baba akakipigilia misumari, akasema hawezi kulala kando ya mlango wa maiti.

Mama alimtania miaka yote. "Sasa mimi utanitolea wapi, Reuben? Dirishani, kama kabati?"

"Nitakuwa nimeshatangulia," Baba alimjibu, na kumwongezea chai.

Oktoba iliyopita mapafu yalimlemea. Daktari alishauri kitanda kishushwe chini, Mama akakataa katakata. Alimwomba Baba jambo moja tu, ang'oe misumari. Baba akasema nyundo haionekani. Tulijua ilipo, ila hatukumletea.

Alituacha asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025, akiwa na miaka 86. Wahudumu wa mazishi wakaanza kupima dirisha. Baba, mwenye miaka 87, akapiga magoti, akang'oa msumari mmoja mmoja, asitake msaada wa mtu. Kisha akashuka, akasimama chini ya uwazi na kuinua mikono kulipokea jeneza.

"Njoo taratibu, Avis," alisema. "Nimekushika."

Mama ameacha mume, sisi watoto wawili, Thirza na Alfred, na wajukuu watatu. Misumari Baba ameitupa. Amesema njia ibaki wazi, naye atapita hapohapo. Lala salama, Mama.