Mlango Uliokaliwa na Wazee

Benchi la kijiwe lilichukuliwa na mwenyewe wiki iliyopita, baada ya kuuza kitanda chake. Hakuna aliyemlaumu, mtu lazima alale juu ya kitu. Tangu siku hiyo wazee wa kona wanakalia mlango. Ni mlango hasa, wa mbao nzito, una kitasa cha shaba na tundu la kuchungulia, umelazwa juu ya matofali pembeni mwa jengo lililopaswa kuwa la ghorofa kumi, likachoka kwenye ya nne. Mwenye mlango ni fundi vigae, jina la kijiweni Milimita, kwa kuwa hajawahi kupima kitu kwa kipimo kikubwa kuliko hicho. Kampuni ya ujenzi ilipofunga ofisi, mafundi waliambiwa kila mmoja achukue anachoweza kubeba badala ya mshahara. Wa mabomba alibeba mabomba. Yeye alichelewa, akakuta mlango.

Asubuhi hiyo Milimita alikuwa roho juu. Saa nne fundi majeneza angekuja na mkokoteni kuununua, naye hakuwa na hakika kama anataka kuuza.

— Anazitaka mbao tu, — akasema. — Anasema siku hizi ni yeye peke yake anayejenga nyumba zikapata wakazi.

— Usiuze, — akasema Funguo, dalali wa nyumba, ambaye hubeba kiunoni funguo thelathini na moja za nyumba zisizo na watu, hivyo unamsikia kabla hujamwona. Kila asubuhi huja na rangi mbichi ya ukutani kwenye kola, na hakuna aliyewahi kumuuliza. — Soko limeinama tu kufunga kamba za viatu. Likiinuka, mwenzetu una mlango tayari. Wengine ndio kwanza watakuwa wanachimba msingi.

— Nani anaanza nyumba kwa mlango?

— Anayetaka kuingia haraka.

Mama Kahawa akaguna, akamimina. Vikombe vya kijiwe vilikuwa sita. Sasa ni viwili, vinazunguka kwa zamu. Cha kwanza kilimfikia Jalada, karani mstaafu wa masjala ya ardhi, aliyekuwa amekunjua gazeti tangu kabla ya jua kutoka. Jalada siku hizi huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

— La leo hilo, mzee? — Milimita akauliza.

— La miaka mitatu iliyopita. La leo linanipandisha presha. Humu nyumba bado zinapanda bei kila ukurasa.

— Mimi nimebana matumizi kwa mpango, — Funguo akadakia. — Chai ya asubuhi nimeihamishia mchana. Chakula cha mchana nimekihamishia jioni.

— Na cha jioni?

— Kesho. Kwa hiyo nyinyi mnaokula leo niko mbele yenu kwa siku nzima.

Jalada akakunja gazeti kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kikao.

— Turudi kwenye mlango. Kisheria, jengo ni mahali ambapo mgeni analazimika kubisha. Kuta zimetajwa kwenye kiambatisho, na kiambatisho kilipotea mimi mwenyewe nikiwa masjala.

— Kwa hiyo mimi nina nyumba?

— Una nyumba yenye upungufu. Unastahili bomba la maji, namba, na barua ya kukutaka uibomoe.

— Basi tuisimamishe hapa tuipangishe, — akasema Funguo, macho yameanza kumwaka. — Dakika kumi kumi. Mtu anakuja, anafungua, anapita, anafunga nyuma yake, anashusha pumzi. Watu hawalilii nyumba, ndugu yangu. Wanalilia kufunga mlango.

Milimita hakucheka. Huu mwezi wa tano yeye, mkewe na mapacha wao wanalala chumbani kwa mama mkwe, wametenganishwa naye na pazia la maua. Pazia halibishwi. Mama mkwe akitaka kupita hukohoa kwanza. Milimita akitaka kurudi hukohoa naye. Majirani wameshaleta dawa ya kifua mara mbili. Na mtu akipiga hodi nje, Milimita hunyamaza. Pale ni kwa watu, si yake kusema karibu.

— Tena angalieni, — Jalada akaendelea, akinyoosha kidole juu. — Bei zikishuka, jengo nalo hushuka. Hili mwaka jana lilikuwa na ghorofa nne. Hesabuni.

Wakahesabu. Milimita, aliyeziwekea vigae zote nne kwa mikono yake, akapata tatu. Akarudia kuanzia juu, akapata tatu na nusu.

— Mnaona? Mwakani wa juu kabisa atakuwa anatokea dirishani moja kwa moja barabarani.

Hapo ndipo alipowafikia binti mmoja mwenye ubao wa kuandikia na kitambulisho kinachoning'inia shingoni.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Natoka sensa ya makazi. Mwongozo unasema nianzie mlangoni. Mlango wa hapa uko wapi?

— Tumeukalia, — akasema Jalada.

Wakainuka, wakausimamisha, Funguo kaushika huku na Milimita kule. Binti akazunguka upande wa pili, maana mwongozo ni mwongozo, akagonga mara tatu.

— Hodi.

Neno likapita tunduni, likamkuta Milimita.

— Karibu, — akasema. Sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Akazungusha kitasa, ambacho hakikufungua chochote, na binti akapita ubavuni akaingia.

— Kaya ya watu wangapi?

— Wanne.

— Usiku wa kuamkia leo mlilala wapi?

Milimita akatazama kitasa.

— Nyuma ya pazia.

Binti akapitisha kalamu kwenye fomu. — Kuna tofali, kuna bati, kuna mbao. Pazia halipo. Niandike nini?

Kabla hajajibiwa, mkokoteni ukafika. Fundi majeneza akaupapasa mlango, akaupima kwa mabega yake.

— Hapa wanatoka wawili, au mmoja mnene.

— Hauuzwi, — akasema Milimita. — Ila niazime mkokoteni. Naupeleka kwa mama mkwe, pale penye pazia.

— Pana upana gani? — Funguo akauliza.

— Milimita mia nane na kumi.

— Na mlango?

— Mia tisa.

Kijiwe kizima kikamngoja mtu wa milimita aseme neno.

— Patatosha tu.

— Kusogeza ukuta kunahitaji kibali, — Jalada akaonya.

— Mama mkwe ndiye manispaa ya pale. Nitabisha kwanza.

Akaondoka anasukuma, kitasa kinang'aa mbele yake. Funguo na Jalada wakabaki wamekaa juu ya matofali. Binti akafungua ukurasa mpya, akawageukia.

— Na nyinyi wazee? Usiku wa kuamkia leo mlilala wapi?

Funguo akazishika funguo zake zisilie. Jalada akafungua gazeti, akalitazama kwa makini sana, juu chini.

— Mama Kahawa, — akasema hatimaye, — hebu tuongeze kidogo.

— Kahawa iliisha juzi, baba, — akasema Mama Kahawa. — Hayo mnayokunywa ni maji ya moto.