Mlango wa Chumba Namba Kumi na Saba: Maisha ya Marehemu Easter Mbeyu Mwambire

Mchungaji wetu, wazee wa Matsangoni, wafiwa wenzangu, wafanyakazi na wanafunzi mliotoka Ndaki ya Wanawake ya Mkwajuni, nanyi nyote mliokuja kutusitiri leo Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025, hodi. Naitwa Dzombo Mwambire, fundi wa mashine kule kwenye kiwanda cha chumvi Gongoni, kaka wa marehemu, na karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, mimi niliyeachia shule darasa la nne nikajifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia samaki, kwa hivyo nikikwama mtanisamehe, ila sitamsamehe mtu atakayenivuta shati nikifika mahali ambapo jamaa zangu wamenitaka nipapite kimyakimya. Nawaambia mapema kwamba ninaogopa, na kabla sijamaliza mtajua ninachokiogopa.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 2 Aprili 1972, hapa hapa Matsangoni, mtoto wa pili wa marehemu mzee Mwambire na marehemu mama yetu Mbodze, na kwa kuwa ilikuwa Pasaka, mkunga alimwita Easter, baba akampa Mbeyu, jina la bibi yetu. Alikuwa mwoga tangu utotoni, nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na tena sehemu ya woga ule niliitia mimi, maana mwaka 1979 nilimfungia ndani ya jiko la makuti, nikakaza mlango kwa kijiti kwa nje, mzaha wa watoto, halafu nikaenda zangu kuogelea, niliporudi sauti ilikuwa imemkauka, na tangu siku ile hakulala tena mahali penye mlango unaofungwa kwa nje.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia Januari 1980 hadi Novemba 1987, kisha akasomea ushonaji mjini Malindi miaka miwili, na mwaka 1991 akaajiriwa udobi katika hoteli moja kule Watamu, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Tarehe 18 Desemba 1993 aliolewa kanisani na Peterson Mangi, seremala, mtu mpole kunishinda mimi, na huyo si kazi kumpata, wakajaliwa mtoto mmoja, Mwambire, aliyeketi pale mbele, na Peterson akatangulia mbele ya haki tarehe 9 Machi 2008.

Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2011 aliingia chuoni Mkwajuni kuwa msimamizi wa bweni, ghorofa tatu, vyumba arobaini na viwili, wasichana mia moja sitini na wanane, kila kitanda kimezungushiwa leso kikawa nyumba ndani ya nyumba, ndoo zimepangwa foleni kwenye bomba tangu alfajiri, na chini ya vitanda zimefichwa koili, yale majiko ya waya ya umeme yaliyopigwa marufuku na ambayo kila chumba kilikuwa nayo. Marehemu alizisaka koili hizo kwa viatu vya raba visivyolia, wasichana wakamwita Paka, na chumba alichokikuta na hatia alikitia kufuli lake kwa nje, akaondoka na ufunguo, mwenyewe amfuate ofisini akaandike barua ya kuomba radhi. Huyo ndiye aliyekuwa hawezi kulala penye mlango wa kufungiwa, na nilipomuuliza mbona awafanyia wenzake, alinijibu kwamba yeye hufungia vyumba, hafungii watu.

Hapa ndipo nilipoambiwa nipapite.

Jumanne tarehe 14 Mei 2019, mwezi wa Ramadhani, saa kumi na mbili na robo jioni, jiko la bweni likiwa halifunguliwi mpaka saa moja, Aaliya, binti wa Malindi wa mwaka wa kwanza, alikuwa akipasha uji wa futari katika chumba namba kumi na saba, akahisi mtu mlangoni, maana wasichana wale walikuwa wamejifunza kuusikia hata ukimya wa zile raba, akachomoa waya, akaisukuma koili ingali nyekundu chini ya kitanda, palipokuwa na godoro la sponji limekunjwa, akafungua mlango, akasema shikamoo Mama, na marehemu akajibu, marahaba, na hicho kinachonukia nacho kinaniamkia? Akamtoa nje na tende yake mkononi, akatia kufuli, akamwambia, twende mwanangu, barua haijiandiki, wakashuka ngazi. Hakufunua leso ya kitanda cha juu, na nyuma ya leso ile alikuwa amelala Wangu, mwenzake Aaliya wa chumba, amemeza dawa za malaria, Aaliya akidhani bado yuko zahanati.

Barua ilikuwa imefika mstari wa pili waliposikia ukelele. Marehemu alipanda zile ngazi mbio, moshi ukitoka chini ya mlango, akatoa shada lake la funguo arobaini na mbili, zote sura moja, hazina namba, kwa sababu kila siku alizijua kwa kuzipapasa, na siku ile vidole vikasahau, akajaribu huu, akajaribu ule, ukaanguka, akaanza upya, Wangu akiupiga mlango kwa ndani na kuita Mama fungua, Mama fungua, kisha akawa hapigi tena. Ni Aaliya aliyenyakua mtungi wa kuzimia moto akalivunja kufuli kwa kitako chake, wakamburuta mwenzake nje akiwa hai, mkono wa kushoto umeungua hadi begani.

Ripoti iliandikwa kwamba mlango ulikwama kwa joto, na marehemu akatia sahihi. Alinieleza ukweli wiki hiyo hiyo, nikamwambia, dada, mlango haukukwama, uliufunga, nenda kaseme, naye akaniambia, nikisema nitafungwa, kaka, na wewe zaidi ya wote wajua siwezi kufungiwa. Nilimtolea maneno makali, hatukusemezana mwaka mmoja na miezi miwili, na sijutii nilichokisema, najutia ile miezi.

Yapo aliyoyatengeneza bila kusema. Alizikusanya kufuli zote arobaini na mbili akazitupa katika choo cha shimo, akaomba jiko la bweni lifunguliwe wakati wa futari, likafunguliwa, akazitupa na raba, akaenda Malindi kununua mitawanda, vile viatu vya mbao vya bibi zetu, ili kila mtu amsikie tangu ghorofa ya chini na apate nafasi ya kuzima badala ya kuficha. Jina la Paka likafa, wakamwita Mama Kwakwakwa, akafurahi nalo, lakini kila jioni alipita akifunua leso moja baada ya nyingine, akihesabu vichwa.

Alistaafu tarehe 30 Aprili 2025 kwa ajili ya moyo. Agosti mwaka huu, baada ya simu kadhaa kuibwa bwenini, Bi Pamela, mkuu wa mabweni aliyefika mwaka 2023, alilisoma jalada la moto ule, akakuta imeandikwa mlango ulikwama, hakuona ubaya wa kufuli, akanunua mpya akazirudisha, chumba chenye hatia kifungwe kwa nje kama zamani. Binti yangu Sidi, aliye mwaka wa pili, ndiye aliyemletea shangazi yake habari hizo Jumapili tarehe 7 Septemba, akimsimulia kama jambo la kuchekesha, wala hakujua kwa nini shangazi amemshika mkono na kumuuliza, wewe wakaa chumba gani, mwanangu? Chumba namba kumi na saba.

Tangu siku ile hakupata usingizi, na tarehe 21 Septemba tukamlaza hospitali mjini Kilifi, moyo umechoka, miguu imejaa maji, akataka mtawanda mmoja uwekwe kwenye kizingiti cha wodi mlango usijifunge, wauguzi wakamkubalia, wakawa wanauruka. Jumatano tarehe 1 Oktoba aliniita na kalamu, akaniambia, kaka, andika yote, uyasome watu wakiwa wamekaa, kwa sababu uongo wangu ndio uliozirudisha kufuli, na mimi sitakuwapo kuhesabu vichwa. Alifariki Jumatano iliyofuata, tarehe 8 Oktoba, saa tatu asubuhi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliouruka mtawanda ule bila kununa, majirani wa Matsangoni kwa maji, kuni na usiku wa matanga, wafanyakazi wenzake wa Mkwajuni, Aaliya aliyemuuguza kama mama yake, na Wangu, aliyesafiri kutoka kwao bara akaketi pale na wanawake wa nyumba yetu, ambaye nilimpigia simu mapema nikamweleza, asije akasikia haya kwa mara ya kwanza mbele za watu, akanijibu, mzee, mimi nilikuwa ndani, nilijua mlango umefungwa, nilikuwa nangoja mtu aseme.

Bi Pamela, nakuona safu ya pili, sikukusudia kukuaibisha, jalada lilikudanganya na aliyelidanganya ni huyu tunayemzika, lakini sasa umesikia, na Jumatatu Sidi anarudi chumba kile, nami baba yake ninaogopa, ndicho nilichokisema tangu mwanzo. Nitakuja Jumatatu hiyo na bisibisi yangu, uniruhusu nizing'oe zile komeo za nje, arobaini na mbili, siku moja yanitosha.

Vijana wa kanisa, msizitafute skrubu za sanduku, ziko mfukoni mwangu, aliomba zisikazwe mpaka kaburini, na nitazikaza mimi.

Pumzika kwa amani, Mbeyu, safari hii sikwenda kuogelea, niko hapa mlangoni.