Steji ya Kodwaro na Miaka Thelathini na Mitatu ya Bwana Wangwe

Bwana Chrispine Wangwe, Afisa wa Mipango wa Manispaa ya Nyamondo, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2026, saa kumi na moja jioni, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu ya utumishi. Saa imetajwa makusudi. Watumishi wengine hustaafu siku fulani. Bwana Wangwe anastaafu saa fulani, kwa sababu mezani kwake kuna karatasi moja inayoweza kutiwa sahihi hadi saa hiyo tu, na sahihi inayotakiwa ni yake peke yake. Tutaifikia.

Kwa desturi, wasifu huu ungeandikwa na mfanyakazi mwenzake. Idara ina wafanyakazi wengine sita, na wote sita walipoombwa waligundua kwamba wana kazi nyingi mno. Ndipo katibu wa ofisi, Bi. Marion, alipopiga simu shuleni kwetu kuuliza kama kuna mwanafunzi wa kidato cha tatu anayependa kusoma. Nilipewa faili la Bwana Wangwe, kurasa mia mbili na kumi na nne. Nimelisoma lote, mara mbili. Niseme pia mapema kwamba Celestine Achieng, atakayetajwa huko mbele, ni shangazi yangu. Afadhali mlijue hilo kutoka kwangu.

Bwana Wangwe alizaliwa Kosele mwaka 1966. Aliajiriwa na baraza la mji Machi 1993 akiwa mchoraji wa ramani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora ramani ya Nyamondo. Aliimaliza mwaka 1996, wakati maduka yalikuwa yameshavuka barabara na kuhamia upande ambao ramani ilionyesha shamba la mtama. Akaanza upya. Tangu hapo mji na ramani vimekuwa vikifukuzana, na mji haujawahi kushikwa.

Wenzake wanasema hufika ofisini saa mbili kasorobo, mvua inyeshe isinyeshe, akiwa na mwavuli, chupa ya chai na rula ya mbao ya sentimita thelathini. Rula hiyo ni ile ile ya mwaka 1993. Kwa rula hiyo amepima mji mzima bila kuchafua viatu. Hajawahi kupokea rushwa. Hata wasiompenda wanakubali, ingawa mmoja wao aliniambia kwamba kumpa kungekuwa vigumu, maana mtu hampati nje ya ofisi.

Hilo la mwisho si kweli kabisa. Alitoka nje mwaka 1999, na inafaa lisimuliwe vizuri kwa sababu ndilo jambo bora katika faili lake. Tajiri mmoja wa mji alitaka kuzungushia ua kiwanja kilicho mbele ya lango la hospitali. Bwana Wangwe akaenda mwenyewe, akapigilia vigingi vya mpaka. Viking'olewa, anavirudisha. Viling'olewa mara tano, naye akavirudisha mara tano, akiwa na mwavuli wake. Mwishowe yule tajiri alimkuta pale pale akipigilia, akamwuliza kwa dharau, "We Wangwe, unalinda nini hapa? Si ni nyasi tu?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo. Nyasi za umma." Kiwanja kikabaki wazi. Kiko wazi mpaka leo.

Baada ya hapo alirudi ofisini, akakaa miaka kumi na mitano.

Mwaka 2014 kaunti ilitaka mpango wa usafiri. Swali lilikuwa rahisi: watu wa Nyamondo wanasafiri kwenda wapi, ili wajengewe steji inayofaa, yaani kituo cha magari ya abiria? Bwana Wangwe alipewa siku moja ya kuhesabu magari. Alichagua Ijumaa, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na njia panda, akahesabu kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana. Ijumaa hiyo alikuwa akizikwa mwalimu mkuu mstaafu wa Kodwaro, kijiji kilicho kilomita tisa kutoka mjini, aliyefundisha nusu ya watu wa tarafa hii kusoma. Magari arobaini na moja yalipita kuelekea Kodwaro. Hakuna hata moja lililoonekana likirudi, kwa sababu waombolezaji walikuwa bado wanasubiri hotuba ziishe, na Bwana Wangwe alishafunga daftari lake.

Ripoti yake ya mwaka huo ni nzuri kusoma. Anaandika sentensi fupi na hakosei alama za uakifishaji, jambo ambalo mwalimu wetu angelipenda. Ukurasa wa kumi na mbili unasema: "Wakazi wa Nyamondo wana haja kubwa na ya kudumu ya kusafiri kwenda Kodwaro." Ukurasa wa kumi na tatu unaongeza: "Abiria wengi walikuwa wakiimba, ishara kwamba wanaridhika na huduma iliyopo." Hakuna aliyemwambia. Kila mkubwa aliyepokea ripoti aliitia sahihi na kuipeleka kwa mwingine, na hata wale waliokuwa ndani ya magari yale, wakiimba, waliitia sahihi.

Basi steji ikajengwa Kodwaro, ikafunguliwa mwaka 2017. Ina nafasi za magari kumi na mawili, paa la mabati ya bluu, vyoo vinne na jiwe la ukumbusho lenye jina la Bwana Wangwe. Siku ya kwanza magari yote yaliamriwa kupakia huko. Gisiri, dereva kutoka Kegonga anayeendesha gari la Migori, alitii. Alikaa hadi saa saba mchana, kisha akarudi mjini na abiria mmoja, mlinzi wa steji, aliyekuwa anaenda kununua sukari. Alipita ofisini kutoa maoni yake kama mwananchi. "Mzee, steji iko sawa," alisema. "Paa iko, choo iko. Shida ni watu. Hiyo mpaka mtu mkubwa akufe ndio itajaa." Bwana Wangwe aliyaandika maoni hayo. Yako kwenye faili, chini ya kichwa "Pongezi".

Tangu siku ile magari yamekuwa yakipakia mahali ambapo watu wapo, yaani kwenye kile kiwanja cha wazi mbele ya lango la hospitali. Hapo ndipo wauguzi hushukia asubuhi, hapo ndipo walimu hupandia kwenda Rongo na Awendo, hapo ndipo wafanyakazi wa kiwanda cha sukari hurejea jioni na vumbi la miwa nguoni. Kwenye ramani, hapo hakuna kitu. Ni nyasi.

Miaka minane steji hiyo haikumdhuru mtu. Mbuzi wa Kodwaro waliifurahia. Lakini mwaka jana nyumba za kupokea wageni wa siku moja mbili ziliongezeka mjini, majirani wakalalamikia kelele, na manispaa ikaamua kutunga kanuni za kanda: nyumba za namna hiyo ziruhusiwe wapi na zikatazwe wapi. Bwana Wangwe akapewa kazi ya kuzitafuta zilipo.

Alizitafuta kwa shuka. Alizunguka mji kwa pikapu ya ofisi, kioo kikiwa kimefungwa, na kila boma ambalo kamba yake ilikuwa na shuka zaidi ya tano za rangi moja liliandikwa kuwa nyumba ya wageni. Kwa njia hiyo aliikamata kwaya moja ya kanisa iliyoanika majoho, akamkamata Orpah, anayefua nguo za zahanati, na akamkamata Mama Filister. Mama Filister alikuwa amemzika mumewe Jumamosi. Ndugu walikuwa wamelala kwake siku nne, na majirani walikuwa wamemwazima shuka ishirini na sita, zote nyeupe. Jumatano alipokea barua ikimtaka asitishe biashara ndani ya siku kumi na nne. Alikuja ofisini na barua hiyo, akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani, akaiweka mbele ya Bi. Marion. "Binti yangu," alisema, "mwambie mzee wageni wangu walikuja kuzika. Niwafukuze kabla ya chai ama baada?"

Hii ilikuwa mara ya pili kwa Bwana Wangwe kuhesabu matanga akaandika biashara. Kwa haki niseme kwamba mara hii alikwenda mwenyewe kwa Mama Filister kuomba msamaha, kwa miguu. Alikunywa chai. Faili halitaji ziara hiyo. Mama Filister ndiye aliyenisimulia, na alinitaka niiandike.

Kanuni zenyewe zilipitishwa Machi mwaka huu. Nimezisoma mara tatu, na kwenye karatasi ni wazo la busara: nyumba ya wageni wa muda mfupi iwe ndani ya mita mia tano kutoka steji rasmi, ili mgeni asitaabike. Tatizo ni kwamba steji rasmi ya Nyamondo ni moja tu. Nilichukua rula, nikachora duara la mita mia tano kuizunguka Kodwaro kwenye nakala ya ramani. Ndani yake mna maboma matatu, shamba la miwa na kaburi la mwalimu mkuu. Kuanzia Jumatano, tarehe 1 Julai, wageni wote wa mji huu wanatakiwa kisheria kulala hapo.

Shangazi Celestine ana vyumba vinne. Viko hatua sitini kutoka lango la hospitali, nimezihesabu. Wanaolala kwake si watalii. Ni watu waliomleta mgonjwa kutoka visiwani au kutoka Kuria na hawawezi kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wiki hii chumba cha pili ana mama kutoka Mfangano ambaye mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati na yuko ndani ya mashine ya joto. Mama huyo huamka kila baada ya saa tatu, huvuka barabara kumpelekea mtoto maziwa yake, kisha hurudi kulala. Daktari amesema wiki tano zaidi. Barua ya kufunga vyumba inasema Jumatano.

Dawa ipo, na ni mstari mmoja. Bi. Marion aliuchapa mwezi wa Aprili: "Steji rasmi ya Nyamondo itakuwa kiwanja kilicho mbele ya lango la hospitali, badala ya Kodwaro." Wanasheria wa kaunti wameukubali. Inahitajika sahihi ya Afisa wa Mipango, na afisa mpya hataajiriwa kabla ya Januari. Karatasi hiyo imekaa mezani kwa Bwana Wangwe wiki kumi na moja, chini ya chupa ya chai. Ina maduara matatu ya kahawia.

Shangazi alimwendea Jumatatu, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo ofisi nzima ilisikia.

"Wuod Kosele, nimekuja," alisema, yaani mwana wa Kosele.

"Keti, mama."

"Sikuja kuketi. Mtoto yuko ndani ya mashine. Mama yake nimwambie nini Jumatano? Akakamue maziwa Kodwaro?"

"Karatasi naisoma, mama."

"Chrispine, ni mstari mmoja!"

"Naisoma vizuri."

Bi. Marion anasema Bwana Wangwe ametoa kalamu mara mbili, na mara zote mbili imesimama kwenye neno "badala". Nadhani ninaelewa. Jina lake limechongwa kwenye jiwe moja tu duniani, na jiwe liko Kodwaro. Si rahisi kwa mtu kuandika kwa mkono wake kwamba alihesabu msiba. Lakini tumekuwa tukimwogopa au kumwonea haya kwa miaka kumi na miwili, sisi wote tuliojua ile ilikuwa siku gani, na mwishowe atakayelipia adabu yetu ni mtoto ambaye bado hana jina.

Sherehe itafanyika Ijumaa saa sita mchana, uwanja wa ofisi. Wageni wanaotoka mbali, wakiwemo kaka wawili wa mstaafu, watalala Alhamisi kwa Celestine Achieng, kwa kuwa kamati ilitafuta vyumba Kodwaro ikakosa. Asubuhi shuka zao zitakuwa kwenye kamba, ng'ambo ya barabara kutoka ofisini, mbele ya macho ya mstaafu. Anayetaka kuhesabu ahesabu. Tunamwomba tu asihesabu magari yatakayoegeshwa uwanjani, asije akapendekeza steji nyingine. Baada ya sherehe atasafirishwa hadi Kosele na Gisiri, ambaye amekubali kuvunja sheria na kumpakia langoni pa hospitali. Kwa kufuata mpango, angelazimika kwenda kwanza kilomita tisa upande usio wake.

Wafanyakazi wenzake wamemnunulia kalamu yenye jina lake. Nilipewa niijaribu, na wino unatoka vizuri. Atakabidhiwa saa saba. Toka saa saba hadi saa kumi na moja ni saa nne, na mstari ule husomeka kwa sekunde sita.

Bwana Wangwe, asante kwa utumishi wako. Ero kamano. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha huko Kosele, na wajukuu wenye kelele. Jiwe la Kodwaro halitaki sahihi yako tena. Kile kiwanja cha hospitali ulikilinda kwa vigingi mara tano, mvua ikinyesha, na kila asubuhi watu wa mji huu hupanda magari hapo bila kujua ni kwa sababu yako. Steji yako ni ile. Iandike.