Papa Émile Mwenze na Mahindi Yaliyobaki Kijani

Papa Mwenze, Émile wa ubatizo, alizaliwa Kabongo tarehe 14 Machi 1931. Alisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa nne, kisha baba yake akafa, na shule ikaishia pale. Mwaka 1972, Serikali ilipokataza majina ya kizungu, jina Émile liliondolewa kwenye karatasi zake, nyumbani halikuondoka.

Tangu 1968 alifanya kazi kwenye shamba moja la mbegu la Serikali, nje ya Lubumbashi. Huko walitafuta mahindi yenye kushinda kuvu, ile inayotia majani madoa marefu ya kijivu mpaka yakauke. Walisaga majani yenye ugonjwa, wakanyunyizia miche makusudi. Iliyokauka iling'olewa. Iliyobaki kijani waliipandisha, unga wa maua ya huu juu ya ule, ili watoto wazaliwe na nguvu ya pande zote mbili.

Alifunga ndoa na Mama Hortense tarehe 20 Agosti 1955. Akirudi jioni, nywele manjano kwa unga ule, mama alikuwa anamwuliza, "Weye, ulioa miye ao ulioa mahindi?"

"Mahindi haigombanake," alijibu.

Mwaka 1982 shamba lile lilifungwa. Papa akaendelea na kazi hiyo kwenye kiwanja chake cha Annexe, pembeni ya mji, hata kunyunyizia miche majani ya ugonjwa yaliyosagwa. Kule kazini mashamba yalitengana mbali. Annexe mistari ya mahindi ya watu inagusana. Hilo hakuliwaza. Mvua za 1984 zilipozidi, mahindi ya majirani yalipata madoa yale, yakakauka. Yake yalisimama.

Bwalya, jirani yake, alikuja na hasira. "Juu ya nini yako tu njo iko muzuri? Weye njo ulileta ile ugonjwa!"

"Ndugu yangu, kamata mbegu, panda."

"Mbegu ya mulozi? Hapana!"

Kama ugonjwa ulitoka kwake ao uliletwa na upepo, Papa hakujua, wala hakujidai kujua. Aliacha kula vizuri.

Kifua kilimshika Juni 1986. Kitandani aliuliza kila mgeni juu ya majirani na mbegu yake, "Batapanda?" Alituacha tarehe 9 Novemba.

Jana, kwenye kilio, Mama Chola, bibi ya Bwalya, aliingia na sahani, akachota mbegu kwenye gunia la Papa, akatoka. Bwana yake alimngojea barabarani, uso pembeni.

Ameacha mjane, Mama Hortense, watoto wake, Clément na Simone, na wajukuu. Gunia liko wazi nyumbani, kwa kila mtu. Mungu amupumzishe, maana miaka hii miwili hakupumzika.