Filimbi ya Mpira

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba mlango ule ubaki wazi. Nina diploma ya chuo kikuu, lakini nikiingia mahali bado natafuta kwanza pa kutokea.

Nilikuwa na miaka kumi na tano tulipokimbia Kamango, tukafika Beni kwa mama mdogo, huko mtaa wa Beu. Kule tulikotoka filimbi ilikuwa na maana moja, kwamba waasi wanakuja: inapulizwa, majirani wanagonga masufuria, na wewe unakimbia bila kuuliza. Asubuhi yetu ya mwisho nilikimbia na kiatu kimoja.

Beu, wasichana wa kanisa walikuwa na timu ya mpira. Kocha, mama mmoja mwalimu, aliniweka golini kwa sababu ya urefu wangu. Mazoezini alipiga makofi tu badala ya filimbi. Wiki tatu nilitembea kichwa juu. Hata darasani nilinyoosha mkono.

Ikaja mechi ya kwanza. Mwamuzi akapuliza filimbi ya kuanza, nami nikakimbia. Nilikimbia na glavu mikononi mpaka sokoni. Nilipoona mama wanaouza majani ya sombe hawainuki, ndipo nikaelewa. Nyuma yangu goli lilikuwa tupu, na tulikuwa tumeshafungwa.

Shuleni wenzangu waliningojea. “Yaya, dada yetu, leo utafika Uganda?” Nawaambia, maneno hayo niliyageuza kichwani miezi miwili. Nikaamini kwamba aliyekimbia golini atakimbia kila kitu. Mkono wangu haukupanda tena darasani.

Kocha alikuja nyumbani na filimbi yake. “Kesho utapiga wewe ya kuanzisha mechi,” akasema. Nikamjibu kwamba nikipiga, mtaa wote utakimbia, watu wataumia, na kosa litakuwa langu. Hakucheka. Alisema ndiyo maana kabla ya mechi yeye hupita nyumba zote za karibu na kiwanja kuwaambia watu. Akanishika mkono, tukapita pamoja.

Mlango wa nne, papa mmoja, baba mzee, aliniangalia sana. “Asante kutuambia, binti. Miye pia, nikisikiaka filimbi, nashika kwanza batoto.”

Ndugu zangu, sikuwa peke yangu. Mtu mzima, na ndevu zake.

Kesho yake nilipuliza. Hakuna aliyekimbia. Mechi iliyofuata nilirudi golini, nikashika nguzo filimbi ilipolia. Tulifungwa mabao mawili, na yote yaliingia nikiwapo. Jumatatu yake nilinyoosha mkono darasani. Jibu halikuwa sahihi, nikaunyoosha tena.

Ninamshukuru kocha yule, mama mdogo aliyenifulia jezi, na papa wa mlango wa nne. Wazazi, msiwatoe watoto wenu kiwanjani kwa sababu wanaogopa. Mpira haukuniondolea woga. Ulinifundisha kubaki mahali pangu nikiwa nao.

Sasa ninafundisha wasichana hapa Butembo. Kesho saa tisa mchana mtasikia filimbi nyuma ya kanisa hili. Ni yangu, ni ya mpira. Tafadhali mwambieni na jirani.