Ngozi Yangu Iko Ulaya

Wapendwa, munivumilie. Ulimi wangu umekuwa muzito, na anayedhani nimekunywa kitu asubuhi hii, ajongee aninuse.

Munanijua, mimi ni fundi wa kushona. Siku moja makasi yalinitoka mukononi. Nikayaokota, yakanitoka tena. Kisha mukono ukaanza kukonda, muguu ukafuata. Jamaa zangu wakatazamana. Kaka yangu mukubwa alikufa hivyo hivyo, na mujane wake walimufukuza mpaka Nyunzu, eti ndiye alimuloga. Sasa wakamugeukia muke wangu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: hata mimi, akiniletea ugali, nilikuwa ninangoja yeye ale kwanza.

Waganga walikuja. Waombezi walikuja. Kila mumoja aliniahidi nitapona, na niliposhindwa kupona, aliondoka akimunyooshea muke wangu kidole. Jamaa wakamuambia afunge vyombo vyake, boti ya kwenda kwao Moba ikifika aondoke.

Ndipo akaja daktari mumoja, mama wa makamo, kuona wagonjwa wa mishipa ya fahamu. Akanipima, akauliza kama kwetu kuna mwingine aliyeugua hivi. Nikamutajia kaka.

"Papa, hii si sumu," akasema. "Mishipa inayotuma mikono na miguu inakufa, na kwenu ugonjwa huu unaonekana unapita katika ukoo. Ninaomba kipande kidogo cha ngozi yako."

Hapo nikashituka. Sisi hata nywele zikikatwa tunaziokota, kucha tunazifukia, na huyu anataka ngozi.

"Mama, munaipeleka wapi?"

"Ulaya, kwa maabara. Watazirudisha chembe zake ziwe changa kama za mimba, kisha wazikuze ziwe mishipa kama yako. Dawa watazijaribu juu ya ile mishipa, si juu yako."

"Na mimi nitapona?"

"Hapana, Papa. Dawa ya kuponya haijapatikana. Labda wajukuu wako."

Nilimutazama sana. Wote waliotaka kitu kwangu waliniahidi kupona. Huyu alitaka ngozi na hakuniahidi kitu. Nikamuomba arudie maneno yale mbele ya jamaa, naye akarudia.

Shangazi yangu akauliza polepole, "Kama unapita katika ukoo, basi ulitoka kwetu? Haukutoka kwa hawa wanawake walioolewa kwetu?"

"Ndiyo, Mama, ulitoka kwenu."

Nikanyoosha mukono, daktari akakata ngozi.

Hata leo nina mashaka. Daktari akipiga simu ninamuuliza ngozi yangu inafanya nini kule. Anasema inakua. Ninaamini nusu.

Ninamushukuru kwa kunikatalia uongo. Ninawashukuru waliokwenda Nyunzu kumuomba mujane musamaha. Na nyinyi, mukiwa na mashaka, musianze na anayewapikia. Muanze na anayewaahidi.

Asante ya mwisho ni ya huyu mama anayenishikia mikrofoni, kwa sababu mikono yangu haiwezi tena. Ndiye walitaka kumufukuza.