Bi Fundo, Aliyeunga Kamba za Maboya

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona maturubai na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la bandari. Maneno haya ameyaandika mumewe. Yakipungua, upungufu ni wa mume.

Alisoma hadi darasa la sita. Baba yake alipoumwa mgongo, akaitwa nyumbani kushika sindano. Mwalimu alikuja kumwombea arudi shule. Baba akasema, "Mwalimu, maturubai hayajishoni." Ikawa basi.

Mwaka 1970 aliajiriwa karakana ya maboya, chumba cha kamba. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, kinanuka grisi. Kazi yake ilikuwa kuunga kamba ya boya na mnyororo wa nanga: kuifumua ncha, kuizungusha kwenye pete ya chuma, kisha kuzisuka nyuzi ndani ya kamba yenyewe mpaka zishikane. Wenzake wakamwita Bi Fundo. Hakulipenda. "Fundo ni la kufungia mbuzi," alisema. "Mimi nasuka." Jina likabaki.

Mumewe alikuwa mpaka rangi hapo hapo karakana. Siku moja alimtania kwamba boya ni rangi, kamba nani anaiona? Marehemu alijaza pipa maji, akafunga galoni tupu kwa mnyororo mwembamba na jiwe, akaanza kuyasukasuka maji. Mnyororo ulipokuwa mfupi, kila wimbi lilipopanda galoni ilivutwa chini. Ulipokuwa mrefu mno, galoni ilizurura ikagonga kingo za pipa. Ulipokuwa wa kadiri, ikapanda na kushuka na maji, imesimama vizuri. Kisha akaufungua. Galoni ikalala ubavu.

"Umeona?" akasema. "Uzito wa chini ndio unaolisimamisha boya. Rangi yako haishiki kitu."

"Basi nishike mimi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Walioana tarehe 14 Septemba 1974.

Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, mwaka 1979. Alipokua akaajiriwa kwenye mashua ya kuhudumia maboya. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda juu ya boya kubadilisha taa. Mama yake alifurahi. "Mimi chini, yeye juu," alikuwa akisema.

Tarehe 22 Juni 2006 mwana alikuwa juu ya boya la mlango wa bandari, kamba ikaachia. Boya likalala, likaenda naye. Mwili haukuonekana. Kamba hiyo aliiunga mama yake.

Boya lilikutwa kwenye miamba. Kipande cha kamba kilichobaki kilikuwa kimechanwa na mawe, hakisomeki kama kilikatika au kilifumuka. Pete ilibaki chini na mnyororo. Kama pete ingekutwa bado imeshikwa na kamba, kosa si lake. Kama ingekutwa tupu, ni lake. Mzamiaji alishuka mara mbili, akakuta tope limemeza kila kitu.

Msimamizi alimwambia, "Bi Fundo, hiyo ni kazi ya bahari."

"Bahari haina mikono," akajibu. Akaacha kazi mwaka huo huo.

Kilichomla ni msuko wa mwisho. Hakukumbuka kama alizipitisha nyuzi mara ya mwisho, au kengele ya chakula ilimkatiza.

"Ulizipitisha," mumewe alimwambia.

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi nyamaza, mume wangu."

Mkwe wao, mjane wa mwana huyo, hakuwahi kuuliza habari za ile kamba. Alikuja kila Jumapili, akafua, akapika, akaondoka. Marehemu alisema afadhali angeuliza.

Novemba 2021 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Hospitali alikuwa akifumua pindo la shuka kwa mkono wa kushoto na meno, kisha anazisuka nyuzi zake. Nesi akamwambia, "Bibi, mashuka yetu utayamaliza!"

"Nitakurudishia likiwa zima, mwanangu."

Na kweli alilirudisha zima. Lakini kila alipomaliza alimwita mumewe avute. Nyuzi zikishika, alisema, "Hii si ile."

Alifariki nyumbani, chumba cha mbele, alasiri ya Jumanne tarehe 9 Mei 2023. Mumewe alikuwa amemshika ule mkono wa kushoto. Hakuacha neno. Watu wanamwambia mumewe kwamba sasa mkewe amepata jibu. Yeye hajaona dalili. Uso wa marehemu ulikuwa vile vile.

Ameacha mume, mkwe, mjukuu mmoja wa kike na mdogo wake wa kike. Mwanawe alimtangulia, na hana kaburi ambalo tungemlaza kando yake.

Kama huko aendako yupo aliyeiona ile pete chini ya tope, tunamwomba amwambie ilikuwa na kamba. Hata kama ilikuwa tupu, amwambie hivyo hivyo, mama wa watu apumzike kwa amani.